Ng'ambo Mbili za Songwe

Septemba 1968 Rais Hastings Kamuzu Banda wa Malawi alitangaza kwamba mipaka ya kweli ya nchi yake siyo ile inayoonekana kwenye ramani. Kwa upande wa kaskazini, alidai, Malawi inavuka mto Songwe na kuendelea si chini ya maili mia moja. Kwa hesabu hiyo eneo lote linaloitwa leo Wilaya ya Kyela lilikuwa lake, na Busale ndani yake, pamoja na migomba yake na wazee wake waliokwisha kukata kadi za TANU. Madai yale hayakung'oa hata kigingi kimoja. Yaliacha nyuma swali tu, ambalo mtu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa ana haki ya kulijibu kuliko mtu wa Dar es Salaam au Lilongwe: kama mstari ungepita kwingine, babu zetu wangeishi vipi?

Swali hilo si mchezo wa kubuni, kwa sababu jibu lake limekaa kule ng'ambo. Wangonde wa Karonga na Wanyakyusa wa Kyela ni ndugu. Lugha zao zinasikilizana, wanaoana, na msiba wa upande mmoja huvusha watu wa upande wa pili. Tangu 1964 ndugu hawa waliishi chini ya serikali mbili za chama kimoja. Kusini kulikuwa na Malawi Congress Party na Rais aliyefanywa wa maisha mwaka 1971. Kaskazini kulikuwa na TANU, baadaye CCM, na Mwalimu Julius Nyerere hadi 1985. Kila upande ulikuwa na picha ya kiongozi ukutani katika kila ofisi, sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na redio moja ya kusikilizwa na wote. Mwanahistoria hapati bahati ya namna hii mara nyingi.

Kawaida tunapozungumzia tawala za mkono mzito tunaangukia katika mojawapo ya masimulizi mawili. Katika simulizi la kwanza kuna magereza tu, na wananchi ni kondoo waliotetemeka kwa miaka thelathini. Katika la pili kulikuwa na nidhamu, shilingi ilikuwa na thamani, mtoto aliamkia wakubwa, na waliofungwa "walijitakia". Yote mawili ni ya uvivu. La kwanza linamtukana aliyeishi wakati ule, kana kwamba hakulima, hakuoa, hakucheka wala kumzunguka mkubwa wake. La pili linamfukia mara ya pili aliyekwisha kuzikwa.

Tuanzie mbali kidogo, kabla ya vyama. Unyakyusa wa karne ya 19 haukuwa na mfalme mmoja. Kulikuwa na machifu wengi wadogo, kila mmoja akiitwa malafyale, na nguvu ya kila mmoja ilitegemea idadi ya watu waliokubali kukaa kwake. Malafyale bahili alihamwa. Monica na Godfrey Wilson, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika juu ya imani kwamba manung'uniko ya watu ni pumzi yenye baridi: mkosaji hushikwa na homa, awe mtu wa kawaida au chifu. Huko Lubaga, mlimani, alikaa Lwembe, kuhani aliyebeba rutuba ya nchi nzima mwilini mwake. Alipougua sana, wazee walimziba pumzi, maana nchi isingeweza kufa pamoja naye. Kule Karonga, Kyungu wa Wangonde alibebeshwa mzigo wa namna hiyo hiyo.

Nimewasikia watu wakieleza haya kama demokrasia ya mababu. Siafiki. Pumzi ile ile ya watu iliyomtia baridi chifu mchoyo ilimfukuza kijijini mjane aliyetuhumiwa uchawi, na vijana walisubiri miaka kuoa huku ng'ombe na wake wakijaa kwa wazee. Lakini ni kweli pia kwamba mtawala alikuwa na kitu cha kuogopa. Kitu hicho ndicho cha kufuatilia katika miaka iliyofuata: kimekwenda wapi?

Wajerumani walikiondoa kwa sehemu. Mkataba wa Heligoland wa Julai 1890 uliigawa kanda hii kati ya Ujerumani na Uingereza kabla mtu wa huku hajaulizwa lolote, na mstari wenyewe ulipopita ziwani bado unagombaniwa. Mwaka uliofuata wamisionari wa Moraviani walifika Rungwe, na wa Berlin wakaja mwaka huo huo. Boma lilijengwa kwanza kando ya ziwa, kisha likahamishiwa Tukuyu. Kodi ikaja, na kazi za lazima zikaja. Septemba 1914 Wajerumani na Waingereza walipigana Karonga, na walioibeba vita ile mabegani, kwa pande zote mbili, walikuwa wapagazi waliokamatwa vijijini. Kwa kipindi hiki sioni haja ya mizani ndefu.

Waingereza ni habari nyingine, kwa kuwa walifanya jambo la kimyakimya zaidi. Kuanzia katikati ya miaka ya 1920, chini ya Gavana Donald Cameron, walimfanya malafyale kuwa mtumishi mwenye mshahara, baraza lake na karani wake. Kwa nje alipandishwa cheo. Kwa ndani alikatwa kutoka kwa watu wake, kwani aliyekuwa akila kwa ridhaa yao sasa alikula kwa saini ya Bwana DC. Kuhama kwa malafyale mmoja kwenda kwa mwingine hakukumpunguzia tena kitu. Uhuru ulipokuja, ndugu wa ng'ambo mbili waliachana hapo hapo. Tanganyika ilifuta uchifu kwa sheria mwaka 1963. Banda aliwaacha machifu, Kyungu akiwemo, akawafunga kwenye gari la chama, na akazipa mahakama za jadi uwezo wa kuhukumu hata kifo, mshtakiwa akiwa hana wakili.

Kwa upande wetu nafasi ya jumbe ilichukuliwa na balozi wa nyumba kumi. Ngazi hii ya TANU ilianza katikati ya miaka ya 1960, na kwangu mimi ndiyo ufunguo wa kuuelewa utawala wa chama kimoja, kuliko hotuba zote za Mwalimu. Balozi alijua nani amelala ugenini, mtoto gani hajapelekwa shule, pombe inapikwa kwa nani. Alisuluhisha ugomvi wa mke na mume usifike polisi. Alitoa barua ya utambulisho. Sukari ilipoadimika, yeye na wenzake wa duka la kaya ndio waliojua kaya ina midomo mingapi na ipate kilo ngapi. Mtu huyo huyo ndiye aliyetakiwa kupeleka juu jina la mgeni mwenye maneno mengi. Huduma na upelelezi vilitoka katika mkono mmoja, na mkono wenyewe ulikuwa wa jirani, aliyejua la kupeleka na la kumezea. Ndiyo maana hesabu ya kutoa, yaani shule kutoa magereza halafu tuone kinachobaki, haifai. Kilichomlisha mtu na kilichomchunga kilikuwa kitu kimoja. Wengi walikipenda na kukiogopa kwa wakati mmoja bila kuona mgongano wowote.

Kumbukumbu nayo hutegemea ulikuwa umesimama wapi. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri, na Operesheni Vijiji ikaanza kusomba watu. Mwisho wa muongo ule zaidi ya watu milioni 13 walihesabiwa kuwa wanaishi katika vijiji vilivyoandikishwa. Dodoma na Kigoma kuna watu walioona nyumba zao zikichomwa moto ili wasirudi. Wilaya ya Rungwe, ambayo Kyela ilikuwa sehemu yake hadi miaka ya 1970, kwa kiasi kikubwa iliachwa kama ilivyokuwa, sawa na Kilimanjaro. Watu walikuwa wamekwisha kukaa wakikaribiana, chai na kahawa zilikuwa zikiiingizia serikali fedha, na watoto wa wilaya hizo walikuwa wamejaa maofisini. Mgomba na mbuni havibebwi kwenye lori. Mzee wa Busale anaposema Ujamaa haukuwa mbaya kiasi hicho, huenda anasema kweli tupu kuhusu Busale. Haimpi ruhusa ya kumsemea Mgogo wa Dodoma.

Hata walioamini Ujamaa kuliko wakubwa wake hawakupona. Katika Mkoa wa Ruvuma, Litowa na vijiji vyenzake vilijenga ujamaa wao wenyewe tangu mwanzo wa miaka ya 1960, kwa hiari, vikiwa na shule yao na kinu chao. Mwaka 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja ushirika wao. Kosa lao lilikuwa kutohitaji maelekezo.

Tugeukie kusini. Siasa ya Banda ilijulikana kwa nguzo nne: umoja, uaminifu, utiifu na nidhamu. Bila kadi ya chama mtu aliweza kuzuiwa kupanda basi au kuingia sokoni. Sheria ilikataza suruali na sketi fupi kwa wanawake. Vijana wa Malawi Young Pioneers walikuwa na sare, mafunzo ya kilimo na mafunzo ya silaha, na polisi hawakuthubutu kuwagusa. Chichewa kilifanywa lugha ya taifa mwaka 1968 na Kitumbuka kikatolewa redioni, jambo ambalo watu wa Mkoa wa Kaskazini hawajalisahau. Mashahidi wa Yehova waliokataa kununua kadi walipigwa na kufukuzwa, na maelfu wakakimbilia Zambia na Msumbiji.

Na bado kulikuwa na upande mwingine. Katika miaka ya 1970 Malawi ilisifiwa kwa mahindi yake. Maduka yake yalikuwa na bidhaa wakati sisi, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na bei ya mafuta kupanda, tulikuwa tukipanga foleni ya sabuni, tukila ugali wa yanga, yaani wa mahindi ya njano, na kufulia majani ya mpapai. Mtu wa Kyela hakuhitaji kusomewa taarifa ya uchumi ili ajue sukari iko ng'ambo gani. Uhusiano wa Banda na Wareno na Makaburu nao ulikuwa na sababu: nchi yake haina pwani, na reli yake ilipita Msumbiji. Sababu ni kitu cha kueleweka. Haimtoi mtu kizimbani, lakini anayeamua kesi bila kuisikia hastahili kuitwa hakimu.

Kinachotenganisha ng'ambo hizi mbili, kwa maoni yangu, ni yaliyompata aliyesema hapana. Kipimo hiki hakitazami barabara wala bei ya unga, na ndiyo maana nakiamini: watawala wote hujenga kitu. Orton Chirwa, mwanasheria aliyekuwa rais wa kwanza wa Malawi Congress Party na baadaye waziri wa sheria, aligombana na Banda katika mgogoro wa baraza la mawaziri wa 1964 na akaishi uhamishoni Tanzania. Desemba 1981 yeye na mkewe Vera walikamatwa mpakani mwa Zambia na Malawi, wakahukumiwa kifo na mahakama ya jadi, kisha hukumu ikageuzwa kifungo cha maisha. Orton alifia gereza la Zomba Oktoba 1992. Vera aliachiwa miezi michache baadaye. Attati Mpakati, kiongozi mwingine wa upinzani wa uhamishoni, aliuawa Harare mwaka 1983. Mshairi Jack Mapanje alikaa kizuizini katika gereza la Mikuyu kuanzia 1987 hadi 1991 bila kuambiwa kosa lake.

Na kuna Mwanza. Ziko mbili, na kila moja ina kisa chake. Katika Mwanza ya Malawi, Mei 1983, mawaziri watatu na mbunge mmoja, Dick Matenje, Aaron Gadama, Twaibu Sangala na David Chiwanga, walikutwa wamekufa ndani ya gari lililodaiwa kupinduka. Miaka 12 baadaye tume ya uchunguzi ilieleza kwamba waliuawa na polisi. Katika Mwanza yetu, na Shinyanga jirani yake, katikati ya miaka ya 1970 maofisa wa dola waliwatesa watu waliokamatwa katika msako wa mauaji ya vikongwe, na baadhi yao wakafa. Habari zilipotoka, Waziri wa Mambo ya Ndani alijiuzulu, mwaka 1977, ingawa hakuwa amemgusa mtu yeyote. Waziri huyo, Ali Hassan Mwinyi, ndiye aliyekuja kumrithi Nyerere. Unaweza kusema kujiuzulu hakumfufui mtu, na utakuwa sahihi. Lakini huwezi kusema nchi hizi mbili zilikuwa kitu kimoja.

Hapa ndipo Mtanzania hupenda kufunga kitabu akiwa ameridhika na nafsi yake. Nyani haoni kundule. Hebu kipimo kile kile tukilete nyumbani. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipitishwa mwaka 1962, nchi ikiwa haijatimiza hata mwaka mmoja wa uhuru. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa na sauti kuliko wanaume wengi wa TANU wakati wa kudai uhuru, alihukumiwa kwa uhaini na kuachiwa 1972. Abdalla Kassim Hanga na Othman Shariff walikabidhiwa na serikali ya Muungano kwa serikali ya Zanzibar mwaka 1969, Karume akiwa madarakani, na hawakutoka hai. Mashahidi wa Yehova tunaomlaumu Banda kwa ajili yao walipigwa marufuku na sisi pia, katikati ya miaka ya 1960. Mwalimu mwenyewe alipata kukiri kwamba katiba ya nchi ilimpa madaraka ya kutosha kuwa dikteta. Wapenzi wake huikumbuka kauli hiyo kama ushahidi wa unyenyekevu. Mimi naiona kama taarifa ya kweli kuhusu katiba.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Euphrase Kezilahabi alichapisha Gamba la Nyoka mwaka 1979, riwaya inayowacheka wazi waliohamisha watu kwa nguvu, na aliendelea kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mapanje, mshairi na mwalimu wa chuo kikuu kama yeye, alitolewa chuoni na kupelekwa gerezani. Lakini tofauti hiyo ilitegemea tabia ya mtu mmoja na wasaidizi wake. Sheria za pande mbili zilifanana kama watoto pacha, na kilichomlinda Mtanzania ni kwamba aliyeishika fimbo hakupenda sana kuitumia. Hicho si kitu kidogo. Si haki pia.

Kuhusu elimu sina haja ya kuuma maneno. Nyerere alifuta ada ya shule ya msingi mwaka 1973, na mwaka 1977 mpango wa elimu ya msingi kwa wote ukaanza kutekelezwa nchi nzima, pamoja na madarasa ya watu wazima jioni, bibi kwa babu. Ubora ulishuka, walimu wengi walikuwa vijana waliomaliza darasa la saba tu, na ada ilirudi baadaye. Banda, kwa upande wake, alijenga Kamuzu Academy, iliyofunguliwa 1981, ambako watoto wachache walifundishwa Kilatini na Kigiriki na walimu waliotoka nje, kwa kuwa hakutaka mwalimu Mmalawi hata mmoja. Ada ya shule ya msingi Malawi ilifutwa mwaka 1994, yeye akiwa ameondoka tu, na wanafunzi wakaruka kutoka karibu milioni 1.9 hadi karibu milioni 3 kwa mkupuo. Watoto wapatao milioni moja walikuwa wakisubiri nje ya nidhamu ile inayosifiwa.

Mabishano haya hayakuisha na chama kimoja. Kati ya 2015 na 2021, chini ya Rais John Magufuli, yalirudi na nguo mpya: elimu bila ada, bwawa la umeme la Rufiji na reli ya kisasa upande mmoja, na upande wa pili marufuku ya mikutano ya hadhara iliyodumu kuanzia 2016 hadi Januari 2023, Bunge lililoacha kurushwa moja kwa moja, na sheria ya takwimu iliyomtia hofu hata mtafiti wa bei ya mchele. Katika vijiwe vya Kyela, kama kwingineko, utamsikia mtu akitetea la kwanza kana kwamba anayetaja la pili amemtukana mama yake.

Wananchi wenyewe waliwahi kuulizwa, na majibu yao ni somo kuliko maoni ya mwandishi yeyote. Malawi ilibadilika baada ya barua ya maaskofu Wakatoliki ya Machi 1992, iliyosomwa makanisani siku moja nchi nzima. Tarehe 14 Juni 1993 ikapigwa kura ya maoni, na karibu asilimia 64 walitaka vyama vingi. Kaskazini, Karonga ikiwemo, mfumo wa zamani ulikataliwa kwa kishindo. Mkoa wa Kati, kwao Banda, uliukubali. Watu wale hawakuwa wajinga. Wao waliuona utawala ule upande wake wa joto, kama Busale ilivyouona Ujamaa. Banda alishindwa uchaguzi wa Mei 1994, akashtakiwa kwa vifo vya Mwanza na kuachiwa huru Desemba 1995, kisha akawaomba radhi Wamalawi kwa mateso yaliyotokea bila yeye, alivyodai, kujua. Alifariki Novemba 1997, na mwaka 2006 alijengewa kaburi la kifahari Lilongwe.

Kwetu hakukupigwa kura. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991 ikisikiliza watu, na karibu asilimia 80 waliotoa maoni walisema chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza kinyume chake, kwa hoja kwamba asilimia 20 ni watu wengi mno kunyamazishwa. Iliambatanisha orodha ya sheria 40 ilizoziona kandamizi, ile ya kuweka watu kizuizini ikiwamo. Vyama vingi viliruhusiwa Julai 1992. Sheria kadhaa katika orodha ile ziliendelea kutumika miaka mingi baada ya hapo, na sheria ya kizuizini haikufutwa.